Nguzo Ibebe Paa, Pambo Lijibebe Lenyewe: Ushauri wa Kupamba Nguzo za Ukumbi katika Mabanda ya Maonesho

Mwoneshaji anayepangiwa eneo lenye nguzo ya jengo ndani yake hukabiliwa na kitu asichoweza kukiondoa wala kukisogeza. Nguzo hiyo huziba sehemu ya mandhari ya banda, hupunguza nafasi ya kupangia bidhaa, na aghalabu huwa na rangi iliyochujuka, mikwaruzo ya miaka mingi au mabomba yasiyopendeza macho. Ndiyo maana katika maonesho ya biashara, kuanzia Sabasaba katika Viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere jijini Dar es Salaam hadi kumbi kubwa za Nairobi na Dubai, mafundi huitwa waivike nguzo mbao, kitambaa, picha na taa ili kizuizi kigeuke kuwa kivutio. Kazi hiyo ina faida ya kweli, kwa kuwa nguzo iliyopambwa vyema huonekana kutoka mbali kuliko meza yoyote. Hata hivyo hufanywa juu ya kiungo kinachotegemewa na jengo zima, katika siku chache za pilikapilika, ndani ya ukumbi ambao muda si mrefu utajaa watu. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya bila kulidhuru jengo na bila kuwahatarisha wanaoingia humo.

Ushauri wote utakaofuata unatokana na kanuni moja: pambo lisimame sakafuni kwa nguvu zake lenyewe, lisiegemee nguzo wala kutundikwa juu yake, lisifiche kifaa chochote cha usalama, na liweze kuondolewa bila kuacha alama. Fundi anayeishika kanuni hiyo huweza kuwa na uhuru mkubwa wa rangi, umbo na mwanga. Anayeivunja hujiingiza katika hatari ambazo uzuri wa kazi yake hauwezi kuzifidia.

Kinachobebwa na nguzo

Nguzo ya jengo ni kiungo kilichosimama wima kinachopokea uzito wa paa, boriti na sakafu za juu na kuushusha hadi kwenye msingi. Nguzo ya zege hupata sehemu ya uimara wake kutoka kwa nondo zilizofukiwa ndani yake, nazo nondo hulindwa dhidi ya kutu na joto na tabaka la zege la nje ambalo kwa kawaida halizidi sentimita chache. Keekee inayotoboa tundu la skrubu hulifikia tabaka hilo kwa urahisi, na tundu likiachwa wazi huwa njia ya unyevu na chumvi. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, kutu ya nondo huendelea kimyakimya baada ya maonesho kwisha. Nondo iliyooza kwa kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tundu moja haliangushi jengo, lakini ukumbi hupokea maonesho mengi kwa mwaka, na matundu ya mabanda ya miaka kumi ni mengi.

Nguzo ya chuma ina tabia nyingine. Chuma hakiwaki, ila hupoteza nguvu kinapopata joto, na katika nyuzi 600 za Selsiasi hivi hubaki na takriban nusu ya uwezo wake wa kubeba mzigo. Kwa sababu hiyo nguzo nyingi za chuma hupakwa rangi maalumu ya kinga, yaani rangi ambayo ikipata joto huvimba na kufanya tabaka nene la povu gumu linalokawiza moto, au hupuliziwa plasta nyepesi ya kuhami. Kwa macho ya kawaida kinga hizo hufanana na rangi chakavu au plasta mbovu, na fundi asiyejua huzikwangua ili gundi ishike vizuri. Utepe wa gundi kali nao huzibandua unapovutwa siku ya kubomoa, na sehemu iliyobanduka hubaki bila ulinzi hadi mtu aigundue.

Zaidi ya mzigo wa jengo, nguzo hutumika kama mahali pa kufungia huduma za ukumbi: mitungi ya kuzimia moto, masanduku ya mipira ya maji ya zimamoto, vitufe vya kengele ya moto, taa za dharura, alama za kuelekeza kwenye milango ya kutokea, vipaza sauti, masanduku ya umeme na wakati mwingine mabomba ya maji ya mvua. Vitu hivyo vimewekwa hapo kwa sababu nguzo huonekana na hufikika. Ganda la mapambo likivifunika, hata kwa kitambaa chepesi, huviondoa katika matumizi wakati wa dharura, kwa kuwa mtu anayekimbia katika moshi hatafuti kilicho nyuma ya pazia.

Ruhusa na vipimo kabla ya ubunifu

Hatua ya kwanza ni kusoma mwongozo wa waoneshaji, yaani kijitabu cha masharti kinachotolewa na mwandaaji, na kuuliza kwa maandishi mambo manne: kama nguzo inaruhusiwa kufunikwa, kimo cha juu kinachokubalika, daraja la ukinzani wa moto linalotakiwa kwa malighafi, na kama kuna kifaa juu ya nguzo hiyo kinachopaswa kubaki wazi. Jibu la mdomo la mlinzi wa ukumbi au la fundi aliyewahi kujenga hapo halitoshi, kwani mmiliki wa ukumbi na mwandaaji wa maonesho mara nyingi ni taasisi mbili tofauti zenye masharti tofauti. Nchini Tanzania, kazi yenyewe huangukia chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na masuala ya moto yako mikononi mwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa sheria ya mwaka 2007. Kenya nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mchoro wa pambo wenye vipimo, uzito na malighafi ukiwasilishwa mapema, maswali mengi huisha kabla mbao hazijakatwa.

Hatua ya pili ni kwenda kupima. Mchoro wa ukumbi huonesha mahali nguzo ilipo, lakini mara nyingi hauoneshi unene wa plasta, kitako kilichopanuka chini, bomba lililoongezwa baadaye wala sanduku la umeme lililochomoza upande mmoja. Vipimo vichukuliwe katika vimo vitatu, yaani karibu na sakafu, usawa wa kifua na juu kabisa, na kikubwa kuliko vyote ndicho kitumike. Ikiwa nguzo ya mraba ina upande wa milimita 500, nafasi ya kupumua ni milimita 50, fremu ni milimita 50 na ubao ni milimita 12, basi kila upande wa ganda utakuwa na milimita 724. Ganda hilo hukalia zaidi ya nusu mita ya mraba, mara mbili ya nguzo yenyewe, na katika banda la mita 3 kwa 3 kiasi hicho kinatosha kubadilisha mpangilio wa meza na njia ya wageni. Kwa nguzo ya duara yenye kipenyo cha milimita 600, unene uleule wa ganda hutoa kipenyo cha milimita 824 na mzingo wa karibu mita 2.59, hivyo kitambaa au picha ya kuizungushia haina budi kuzidi kipimo hicho kidogo ili ncha zipishane.

Ganda linalojisimamia

Ganda ni kuta nyepesi zinazoizunguka nguzo pande zote bila kuigusa. Namna iliyo salama na rahisi zaidi ni kulijenga karakana katika nusu mbili zenye umbo la pembe, kila nusu ikiwa na fremu ya mbao au alumini iliyofunikwa plaiwudi au ubao wa MDF, kisha kuzileta ukumbini na kuziunganisha kwa bolti kuizunguka nguzo. Kazi ya kukata na kupiga randa hufanyika mbali na vumbi na msongamano wa ukumbi, na siku ya kubomoa bolti hufunguliwa na ganda huondoka zima, tayari kwa maonesho mengine.

Uzito wa ganda usikisiwe kwa macho. Ubao wa MDF wa milimita 12 una takriban kilo 9 kwa kila mita ya mraba. Ganda la milimita 724 kila upande lenye kimo cha mita 3 lina karibu mita za mraba 8.7, kwa hiyo mbao peke yake zina kilo 78, na fremu ikiongezwa jumla huikaribia kilo 100. Hatari kubwa haiko pale ganda linapokamilika, kwa kuwa lililokamilika limeizingira nguzo na haliwezi kuanguka mbali, bali iko katika dakika zile ambazo nusu ya kwanza imesimama peke yake ikiisubiri ya pili. Nusu hiyo ina karibu kilo 50, ni ndefu, na kitako chake ni chembamba. Ikisukumwa na bega la mtu anayepita humwangukia aliye karibu. Inafaa, basi, nusu ya kwanza ishikwe na watu wawili au iegemezwe kwa mihimili miwili ya muda iliyobanwa kwenye kitako kilichowekewa uzito, na watu hao wasiiachie hadi bolti za juu, za kati na za chini zote zimekazwa.

Ganda linaweza kutulizwa ndani kwa vipande vya sponji ngumu visivyoshika moto kwa urahisi, vilivyowekwa kati ya fremu na nguzo ili lisicheze, mradi vipande hivyo viguse tu bila kugandishwa. Kitako kiwekewe mifuko ya mchanga au vyuma vya uzito, hasa pale banda linapokuwa katika jengo lililo wazi pembeni. Sabasaba huangukia kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, majira ya upepo wa kusi, na kitambaa kirefu kilichofungwa kwenye nguzo ya ukumbi wa wazi hugeuka tanga. Upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 6, na kasi hiyo ikiongezeka maradufu msukumo huongezeka mara nne. Kitambaa cha namna hiyo ama kitobolewe matundu ya kupitishia upepo, ama kivutwe ndani ya fremu imara, ama kisitumike.

Kitu kizito, kama televisheni, rafu ya bidhaa au bango la herufi za chuma, kifungwe kwenye fremu ya ganda na kamwe kisifungwe kwenye nguzo. Mahali kitakapofungwa pawekewe ubao mnene wa kuimarisha ulioshikwa na miimo miwili ya fremu, na uzito wake uwekwe chini kadiri mandhari yatakavyoruhusu. Kioo cha kawaida hakifai kwa uso wa ganda linaloguswa na umati, kwani huvunjika kwa vipande vikali. Bamba la alumini lililong'arishwa hutoa mng'ao unaofanana bila hatari hiyo. Pembe za ganda zilizo katika kimo cha mtoto zizungushwe au zifunikwe, maana hapo ndipo vichwa na mabega hugonga njia inapobanana.

Malighafi na moto

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 1967, moto uliteketeza ukumbi wa maonesho wa McCormick Place mjini Chicago, uliokuwa umefunguliwa mwaka 1960 na ambao siku hiyo ulikuwa umejaa mabanda ya maonesho ya vyombo vya nyumbani. Moto ulianzia nyuma ya banda moja, na hitilafu ya umeme ndiyo iliyodhaniwa kuwa chanzo. Jengo lilikuwa la zege na chuma na wengi waliamini haliwezi kuungua. Lakini mbao, vitambaa, maboksi na plastiki za mabanda vilitoa joto kubwa, muundo wa chuma ulioshikilia paa haukuwa na kinga, sehemu kubwa ya eneo la maonesho haikuwa na vinyunyizio vya maji, na paa liliporomoka. Mlinzi mmoja alikufa. Lau moto ungetokea mchana, ukumbi ungekuwa na maelfu ya watu. Funzo lake kwa mpambaji wa nguzo ni wazi: kinacholiweka jengo la chuma na zege hatarini ni kile ambacho waoneshaji huingiza ndani yake, na hakuna mahali pabaya pa kukirundika kuliko kuzunguka nguzo.

Kumbi nyingi za kimataifa hutaka malighafi ya mapambo iwe na daraja linalojulikana la ukinzani wa moto. Ujerumani hutumia alama ya B1, yaani kitu kisichoshika moto kwa urahisi, na Ulaya kwa jumla hutumia madaraja kutoka A1 hadi F, yakifuatwa na herufi s kwa kiasi cha moshi na d kwa matone yanayowaka. Ubao wenye alama ya B-s1,d0 hauchangii moto sana, hutoa moshi kidogo na haudondoshi matone ya moto. Mnunuzi aulize hati ya daraja hilo dukani na kuiweka bandani, kwa kuwa mkaguzi huitaka hati, na maneno ya muuzaji hayawezi kuchukua nafasi yake.

Povu la plastiki lahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa ni jepesi, ni rahisi kuchonga nakshi, na kwa hiyo hupendwa sana na wapambaji. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island nchini Marekani, cheche za fataki zilishika povu la poliyurethani lililobandikwa ukutani karibu na jukwaa, na watu 100 walikufa kwa moto uliotapakaa ndani ya dakika chache. Povu la polistirini lisilo na kinga nalo huyeyuka na kudondosha matone ya moto. Nakshi zinazotakiwa kuchongwa kwa povu zichongwe kwa aina iliyothibitishwa kwa hati, au zitengenezwe kwa plasta ya jasi juu ya ubao.

Katika Afrika Mashariki, mapambo ya nguzo hupenda kuchukua sura ya nyumbani: makuti, mikeka, mianzi, khanga na vitenge. Uzuri wake hauna shaka na wageni huuthamini, ila makuti makavu na pamba nyembamba iliyoachwa ining'inie huwaka upesi, na moto wake hupanda wima kuelekea paani. Khanga ivutwe na kukazwa juu ya ubao ili hewa isipite nyuma yake, na ipuliziwe dawa ya kuzuia moto iliyokusudiwa kitambaa cha pamba, kisha kipande chake kijaribiwe nje ya ukumbi kabla ya kutumika. Dawa nyingi za aina hiyo huyeyuka majini, hivyo kitambaa kikifuliwa hupuliziwa upya. Makuti yabaki kama ukingo mdogo ulio mbali na taa, wala yasiwe vazi la nguzo nzima.

Nafasi iliyo kati ya ganda na nguzo haina budi kuachwa tupu. Waoneshaji wengi hushawishika kuweka mlango mdogo na kuifanya ghala la vipeperushi, maboksi, mifuko na chupa za maji, jambo ambalo huugeuza uwazi huo kuwa dohani iliyojazwa kuni. Mlango mdogo uwepo, lakini uwe wa ukaguzi wa nguzo na vifaa vyake.

Sehemu ya juu nayo ipangwe kwa uangalifu. Ganda lisifike darini pale penye vinyunyizio, yaani vichwa vya mabomba vinavyomwaga maji yenyewe joto linapozidi. Kanuni ya Marekani ijulikanayo kama NFPA 13 hutaka nafasi isiyopungua inchi 18, karibu sentimita 46, chini ya kinyunyizio, na kipimo hicho ni kiongozi kizuri hata pale ambapo mwongozo wa ukumbi haukutaja chochote. Palipo na mtungi wa kuzimia moto, kitufe cha kengele au mpira wa maji, ganda likatwe dirisha pana linalokiacha kifaa wazi, mlango wake ukiweza kufunguka kikamilifu, na alama yake irudiwe juu ya ganda katika kimo kinachoonekana juu ya vichwa vya watu.

Umeme na mwanga

Taa za utepe wa LED ndizo zinazofaa zaidi kwa nguzo, kwa kuwa hutumia volti 12 au 24 na hutoa joto dogo kuliko taa za halojeni, ambazo uso wake huweza kuunguza kitambaa kilicho karibu. Utepe ukiwekwa katika pembe nne za ganda lenye kimo cha mita 3 hufikia mita 12. Ukitumia wati 14 kwa mita, jumla ni wati 168, na transfoma ya kuulisha iwe na uwezo wa wati 200 au zaidi ili isifanye kazi hadi mwisho wa nguvu zake kutwa nzima. Transfoma iwekwe mahali penye hewa na panapofikika kwa mkono, isifungiwe ndani ya uwazi wa ganda wala kufunikwa zulia.

Waya usipigiliwe misumari wala kuzungushwa kwenye nguzo. Upitishwe ndani ya mfereji wa plastiki uliofungwa kwenye fremu, na viungio vyote viwe ndani ya visanduku, kwa kuwa viungio vilivyofungwa kwa utepe mtupu hulegea ganda linapotikiswa. Fremu ya alumini au chuma iungwe na waya wa ardhi, na saketi ya banda ilindwe na swichi inayokata umeme wenyewe pale unapovuja kiasi cha miliampea 30, kiwango kinachokubalika kwa kumlinda mtu. Kila jioni swichi kuu ya banda izimwe, isipokuwa kwa vifaa ambavyo mwandaaji ameviruhusu kubaki vikiwaka.

Siku za kujenga, za maonesho na za kubomoa

Kabla ya kipande cha kwanza kusimamishwa, nguzo ipigwe picha pande zote nne mbele ya mwakilishi wa ukumbi, na kasoro zilizokwishakuwepo ziandikwe na kusainiwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua baadaye mgogoro wa amana, yaani fedha ambazo mwoneshaji huweka kama dhamana ya uharibifu. Atakayefanya kazi juu atumie ngazi pacha au jukwaa lenye vizuizi, kwa kuwa ngazi ya kuegemea ikiwekwa kwenye ganda huliyumbisha, na ikiwekwa kwenye nguzo huikwaruza. Kuchomelea vyuma, kupaka rangi kwa kupuliza na kutumia gundi zenye mvuke unaowaka viachwe karakana.

Wakati wa maonesho, mtu mmoja wa banda apewe jukumu la kulikagua ganda kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa: asukume kidogo kuona kama limelegea, aguse transfoma kuona kama imepata joto lisilo la kawaida, afungue mlango wa ukaguzi kuona kama kuna kilichofichwa ndani, na ahakikishe meza au viti havijasogezwa mbele ya kifaa cha zimamoto. Mtu huyo ajue pia milango ya dharura iko wapi na, akiwa Tanzania, ajue kwamba namba ya zimamoto ni 114.

Siku ya mwisho haraka huwa kubwa kuliko siku ya kwanza, na ndipo ajali nyingi zinapoweza kutokea. Umeme ukatwe kwanza, kisha viondolewe vitu vizito, halafu kitambaa na picha, na mwishowe nusu za ganda zifunguliwe kwa mpangilio uleule wa watu wawili kila upande. Nguzo ipigwe picha tena, na kinga ya moto ikionekana imebanduka mmiliki wa ukumbi ajulishwe hapohapo, hata kama kufanya hivyo kutaigusa amana, kwa sababu waoneshaji watakaofuata wataitegemea nguzo hiyo bila kujua.

Gharama ya ganda linalojisimamia huonekana kubwa ikilinganishwa na karatasi ya kubandika, na mara nyingi ndiyo sababu ya wenye mabanda kuchagua njia ya mkato. Hesabu hiyo hubadilika pale ganda linapobuniwa kwa vipande vinavyoweza kupanuliwa au kupunguzwa kulingana na nguzo, uso wake ukiwa wa picha zinazobadilishwa: fremu moja hutumika Sabasaba, Nanenane na maonesho ya mkoani, ikibadilishiwa kitambaa tu. Mwenye bajeti ndogo mno kwa ganda la namna hiyo ana njia nyingine ya heshima, nayo ni kuiacha nguzo kama ilivyo, kulipanga banda kwa kuizingatia, na kusimamisha mabango yenye miguu yake pembeni mwake.